Sari ya ikati: mchoro hutangulia, nguo hufuata

Swali ninaloulizwa kila mara dukani ni la bei. Inakuwaje sari ya pamba, tena pamba tupu isiyo na uzi wa dhahabu, iuzwe ghali kuliko sari ya hariri iliyofumwa kwa mashine? Anayeuliza huwa ameshaishika, ameona ilivyo nyepesi, na ameona kingo za michoro zimefifia kana kwamba rangi ilichuja. Humjibu kwa kumrudisha kwenye kingo hizo hizo. Kule kufifia ndiko anakolipia.

Ikati ni nguo ambayo mchoro wake hutiwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa. Kanga hufumwa kwanza, ndipo ikapigwa chapa. Batiki nayo huanzia kwenye kitambaa kizima. Kwenye ikati kitambaa bado hakijazaliwa. Zipo nyuzi tu, na fundi anafunga sehemu fulani za kila fungu ili rangi isiingie, anachovya, anakausha, anafungua, anafunga kwingine, anachovya rangi ya pili. Ndugu yake wa karibu huku kwetu pwani ni mkeka, maana ukindu nao hutiwa rangi kabla ya kusukwa. Ila msusi wa mkeka hutia chane nzima rangi moja, na mchoro hutokea wakati wa kusuka. Mfumi wa ikati ana uzi mmoja wenye nyekundu, nyeupe, nyeusi, kisha nyekundu tena, na kila kipande cha rangi kina mahali pake pa kuangukia.

Nchini India, ikati ya pamba inajulikana zaidi kutoka sehemu mbili: Pochampally na vijiji vinavyoizunguka, katika jimbo la Telangana, si mbali na Hyderabad, na magharibi ya Odisha, katika wilaya kama Bargarh, Sonepur na Sambalpur. Wahindi wa Upanga na Mombasa, ambao wengi asili yao ni Gujarat na Kachchh, wakisikia habari ya nyuzi zilizofungwa fikra zao hukimbilia patola, sari ya ikati ya mji wa Patan, Gujarat. Wana haki, lakini ile ni hariri, nayo nitaiandikia siku yake.

Nianze na kazi isiyopigwa picha. Wageni wakifika Pochampally hupelekwa moja kwa moja kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kwa kuwa hapo pana mlio na mwendo. Kabla ya hapo kuna asu. Hiki ni kiunzi chenye kigingi kimoja upande huu, na upande wa pili vigingi vingi vidogo vilivyopangwa nusu duara. Uzi wa mshindio, yaani ule utakaokwenda kwa upana wa nguo, hutolewa kwenye kigingi cha pekee, ukazungushwa kwenye kigingi cha kwanza cha nusu duara, ukarudishwa, ukapelekwa cha pili, hivyo hivyo mpaka vyote vijae. Mkono husafiri kama mita moja kwenda na mita moja kurudi. Kwa sari moja safari hizo hufika kama 9,000, nazo huchukua muda wa saa 4 hadi 5. Kwa desturi kazi hii ni ya wanawake wa nyumba, na bega ndilo linaloilipia. Sensa ya wafumi wa mikono ya India ya 2019–20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 katika ufumi wa mikono kwa ujumla, na asilimia 72 ni wanawake. Ukitazama mabango ya matangazo, utadhani nguo zote zinafumwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe.

Chintakindi Mallesham ni mtoto wa familia ya wafumi wa huko Telangana, aliyeachia shule darasa la 6. Mama yake, Laxmi, aliumwa mabega kwa sababu ya asu. Kijana akaanza kuunda mashine mwaka 1992, akahangaika nayo hadi 1999 ilipokubali, akaipa jina la mama yake: Laxmi Asu. Kazi ya saa 4 au 5 ikawa ya saa moja na nusu. Mwaka 2017 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Wapo wanaonung'unika kwamba mashine imeingia kwenye kazi ya mkono, na mimi siwaungi mkono hata kidogo. Mashine ile haifungi, haitii rangi wala haifumi. Inazungusha uzi. Sijaona mchoro hata mmoja uliopendeza zaidi kwa sababu kuna mtu aliumwa bega.

Nyuzi zikishakaa sawa, mchoro hutiwa alama juu yake, kisha sehemu zinazokingwa na rangi hufungwa. Pochampally hutumia vipande vyembamba vya mpira, vingi vikiwa vimekatwa kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Odisha hufunga kwa uzi. Vyovyote vile, fundo lazima likaze, maana likilegea rangi hupenya na doa hilo halitoki tena. Rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata, na kila rangi inayoongezeka ni raundi nyingine nzima ya kufungua na kufunga.

Hapa ndipo penye siri ya tofauti baina ya Pochampally na Odisha. Nyuzi hufungwa kwa mafungu, na nyuzi zote zilizo ndani ya fungu moja hupata mchoro ule ule. Fungu likiwa nene, kazi huenda haraka, lakini mstari wa mshazari hupanda kwa ngazi. Ukitaka mstari uliopinda kiulaini, itabidi ufunge nyuzi chache chache, na mafundo huongezeka mno. Pochampally imejenga jina kwa maumbo ya pembe: almasi, miraba, mishale. Mafundi wa Odisha, wengi wao wa ukoo wa Meher, wamekwenda upande wa mikunjo: maua, samaki, kombe la baharini, gurudumu. Wenzao wa Nuapatna, mashariki ya jimbo hilo, huandika hata beti za Gita Govinda, utenzi wa kale wa Kihindu, kwa njia hii kwenye hariri ya hekalu la Jagannath mjini Puri. Hebu fikiria: herufi zinazosomeka, zilizofungwa kwenye uzi kabla nguo haijakuwepo.

Odisha wana pia sari waiitayo pasapalli, yenye miraba ya rangi mbili kama ubao wa mchezo. Ndiyo ninayompa mtu anayeanza, kwa sababu macho huelewa mara moja ni wapi nyuzi zimekutana vizuri na ni wapi zimepishana. Sari za Sambalpur zilipata umaarufu nje ya jimbo lao pale Indira Gandhi alipoanza kuonekana nazo hadharani akiwa waziri mkuu.

Tukija kwenye kitanda, uzi wa mshindio huwa umezungushwa kwenye vijiti vidogo, na vijiti hivyo hupangwa kwa zamu. Kimoja kikiruka zamu yake, ua hukatika katikati. Mfumi hukaa ukingoni mwa shimo, miguu chini kwenye kanyagio. Akirusha mshindio hutupa jicho kwenye upindo kuona kama rangi imefika mahali pake. Ikiwa imepita kwa milimita moja au mbili, huuvuta uzi kwa ncha ya kidole, ndipo anapoubana. Hata hivyo, nyuzi jirani hazilingani kabisa, na rangi nayo imetambaa kidogo chini ya kila fundo. Hayo mawili ndiyo yanayozaa ukungu wa kingoni.

Ikiwa ni mtande tu uliofungwa, yaani nyuzi za urefu wa nguo, au mshindio tu, mfumi ana upande mmoja wa kuuchunga. Vikifungwa vyote viwili, nyekundu ya mtande sharti ikutane na nyekundu ya mshindio kwenye njia panda ile ile, sari nzima, mita 5 na nusu. Ni sehemu chache mno duniani zenye utamaduni huo: India, Japani, na kijiji cha Tenganan kule Bali.

Nguo ninayoipenda kuliko zote inatoka kwenye tawi hilo: telia rumal. Ilianzia Chirala, pwani ya Andhra Pradesh, na leo makao yake ni kijiji cha Puttapaka, Telangana. Nyuzi zake hulowekwa siku nyingi kwenye mafuta na maji ya majivu ya maganda ya mbarika, zikasuguliwa, zikaanikwa, zikalowekwa tena, hadi ziwe laini na tayari kuishika ile nyekundu yake nzito. Rangi ni tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Zamani zilikuwa leso za mraba, na nyingi ziliuzwa nchi za Kiarabu, wanaume wakizifunga kichwani. Baadaye miraba ile ile ikahamia kwenye sari. Ukifungua iliyo mpya, harufu ya mafuta bado imo. Tangu 2020 jina hilo linalindwa kisheria kwa eneo lake, kama lilivyolindwa la Pochampally mwaka 2005.

Ulinzi wa jina haujazuia chapa za kuigiza. Siku hizi wanachapa hata ule ukungu wa kingoni, na kwenye picha ya simu huwezi kutofautisha. Omba kuishika nguo. Igeuze: ikati ya kweli ina rangi ile ile nje na ndani, ilhali nyingi za chapa hupauka upande wa pili. Linganisha maua mawili yaliyo mbali mbali. Yakiwa pacha kwa kila nukta, hiyo ni chapa. Tafuta vitundu vidogo vya pini kwenye pembezo, alama ya kijiti kinachotanua nguo kitandani. Na ukiruhusiwa, chomoa uzi mmoja kwenye ncha, pale unapopita juu ya mchoro. Uzi wa ikati rangi zake zimepenya hadi moyoni. Wa chapa, ukiuzungusha vidoleni, utaona mabaka upande mmoja na weupe upande mwingine.

Kwa matunzo, osha peke yake mara za kwanza kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, usiloweke, usikamue kwa nguvu. Nyekundu itatoa rangi kidogo mwanzoni, usishtuke. Anika kivulini. Ukitaka isimame vizuri kwenye mikunjo, itie wanga mwepesi, lakini usiiweke kabatini na wanga wake, maana wadudu wanaupenda. Kila miezi michache ikunjue na kuikunja kwa mistari mingine, la sivyo itakatika pale pale ilipokunjwa.