Umefika La Paz, Bolivia, kichwa kinagonga: maswali na majibu

Kwa nini naumwa kichwa siku ya kwanza tu?
Uwanja wa ndege wa El Alto, unaposhukia kwenda La Paz, uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi ndio ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika.

Mimi ni kijana, tena nakimbia kila siku.
Mazoezi hayakingi. Tatizo la wenye nguvu ni kwamba hujikaza, wakasema ni uchovu wa safari.

Nikilala si nitaamka mzima?
Kama ni kichwa tu na dawa ya maumivu inakituliza, pumzika na usipande juu zaidi. Lakini mtu anayehema akiwa amekaa tu, anayekohoa mfululizo, anayeyumba au kuongea yasiyoeleweka, asiachwe alale. Mapafu yanajaa maji, au ubongo unavimba. Apelekwe hospitali usiku huohuo, apewe oksijeni, ateremshwe sehemu ya chini zaidi.

Hata saa nane za usiku?
Hata saa nane. Mwambieni atembee kwenye mstari mmoja, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, mjadala umekwisha, tafuteni gari. "Tusubiri kukuche" ndiyo kauli tunayoisikia kila mara kwa ndugu waliomleta mgonjwa akiwa hajitambui tena. Msisubiri kukuche. Na asiteremke peke yake.

Na chai ya koka, ile ya majani wanayokunywa wenyeji?
Kunywa ukipenda, si tiba.

Kidonge cha usingizi kidogo tu?
Hapana, tafadhali. Dawa nyingi za usingizi, sawa na pombe, hupunguza upumuaji wakati mwili unajitahidi kupumua zaidi. Halafu wenzako wanadhani umelala vizuri, kumbe hali inazidi kuwa mbaya. Pombe nayo iache siku mbili za mwanzo.

Kuna dawa ya kuzuia?
Ipo, asetazolamaidi, na kwa kawaida huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Si ya kila mtu, hivyo muulize daktari mapema, hasa ukiwa na ujauzito au ugonjwa wa moyo. Mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) asikate tiketi kabla ya kuonana na daktari wake.