Mwepesi Kama Unyoya? Dhana Potofu Kuhusu Santuri Moja ya Chick Corea

Kila nikiiweka santuri ya Light as a Feather mbele ya wageni, lazima mmoja wao aniambie ni muziki wa aina gani kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Wa kwanza atasema ni bossa nova. Wa pili atasema ni kazi ya Wabrazili, ilirekodiwa Rio. Wa tatu, yule anayejua kidogo, atasema hawa ni wanajazi walioacha jazi ili wauze. Wote watatu wanakosea, ila kila kosa linanionyesha ni kitu gani sikio la mtu limekiruka.

Jina la albamu maana yake ni mwepesi kama unyoya, na nadhani jina hilo ndilo lililoiponza. Watu husikia wepesi wakadhani ni urahisi.

Dhana: Ilipigwa Brazili, na Wabrazili

Ilirekodiwa London, kwenye studio za IBC, Oktoba 1972, ikatoka mwaka uliofuata kwa lebo ya Polydor. Kundi linaitwa Return to Forever, watu watano, na Wabrazili ni wawili tu: mwimbaji Flora Purim, mzaliwa wa Rio de Janeiro, na mumewe Airto Moreira kwenye drams. Kiongozi ni mpiga kinanda Chick Corea, aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Chelsea, kando ya Boston, Marekani, katika familia yenye asili ya Italia. Baba yake alipiga tarumbeta. Kwenye besi yuko Stanley Clarke wa Philadelphia, wakati huo kijana wa miaka 21. Kwenye saksafoni na fluti ni Joe Farrell, mtu wa Illinois. Mashairi yote ni ya Kiingereza.

Basi Ubrazili uko wapi? Uko kwenye drams. Ukimtoa Airto na kuweka mpigaji mwingine mzuri wa jazi, nyimbo zilezile zingebaki, na hakuna ambaye angetaja Brazili.

Dhana: Ni bossa nova

Hili ndilo kosa la wengi, nami sishangai. Mwaka 1964 Stan Getz, Mmarekani wa saksafoni, na João Gilberto, Mbrazili wa gitaa, walitoa albamu iliyosambaa dunia nzima, na tangu hapo mtu wa nje akisikia sauti ya mwanamke wa Kibrazili juu ya jazi, kichwani mwake pameshaandikwa bossa nova. Lakini bossa ni muziki wa kunong'ona. Gilberto alichukua mdundo wa samba akaupunguza hadi ukatosha kwenye vidole vya mkono mmoja juu ya gitaa. Airto anafanya kinyume chake: anaurudisha mdundo kwenye miguu.

Chukua wimbo unaofunga upande wa kwanza, Captain Marvel. Acha fluti ijiendee, sikiliza chini. Kwenye samba uzito hauko kwenye pigo la kwanza, uko kwenye la pili. Pale ngoma kubwa inapoangukia ndipo mwili unapotaka kukaa. Sisi tuliolelewa na dansi tumezoea mguu ushuke mwanzoni, kwa hiyo mara ya kwanza unahisi kama wimbo unateleza. Hautelezi hata kidogo. Umeegemea upande usioutazamia.

Tena Airto si mtoto wa shule za samba za Rio. Alizaliwa Itaiópolis, jimbo la Santa Catarina, kusini kabisa, akakulia Curitiba. Jina alilipata na Quarteto Novo, kundi alilokuwa na Hermeto Pascoal, na lile kundi lilichimba baião, muziki wa kaskazini mashariki, kwenye ukame na wafuga ng'ombe, mbali sana na ufukwe wa Ipanema kule Rio. Alipofika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amebeba Brazili kadhaa ndani ya mikono miwili, na mwaka 1970 alikuwa kwenye bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi.

(Niseme na hili kwa kuwa linatuhusu. Wengi hulihusisha neno samba na semba ya Kimbundu, lugha ya Angola. Na katika jongo, ngoma ya wajukuu wa watumwa waliolima kahawa kusini mashariki mwa Brazili, ngoma yenyewe huitwa angoma. Mswahili hahitaji mkalimani hapo.)

Dhana: Fyuzheni lazima gitaa lipige kelele

Fyuzheni ni jazi iliyochanganywa na roki na ala za umeme, lakini kwenye santuri hii hakuna gitaa. Hakuna hata moja, la umeme wala la nyuzi za nailoni. Dhana imetoka kwa kundi hilihili: baadaye mwaka 1973 Flora, Airto na Farrell walikuwa wameshaondoka, Corea akamleta Bill Connors na gitaa la umeme na Lenny White kwenye drams, wakatoa Hymn of the Seventh Galaxy, na hiyo ndiyo Return to Forever ambayo wapenzi wa roki wanaikumbuka. Jina moja, bendi mbili tofauti kabisa.

Umeme wa Light as a Feather uko kwenye kinanda peke yake, kinanda cha Rhodes. Nilipowahi kukiona kimefunguliwa ndipo nilipoielewa sauti yake. Ndani hamna nyuzi kama za piano. Kila kidole cha kinanda kinarusha nyundo ndogo, nyundo inagonga kijiti cha chuma chembamba kama spoku ya baiskeli, na mbele ya ncha ya kijiti kuna sumaku iliyozungushiwa waya inayoudaka mtikisiko na kuupeleka kwenye spika. Ukigusa polepole, inatoka sauti ya kengele ndani ya maji. Ukigonga kwa nguvu, inakoroma kidogo. Baba wa ala hiyo, Harold Rhodes, alianza kwa kutengenezea askari majeruhi vinanda vidogo vya kuweka kitandani, akitumia mabomba ya alumini ya ndege za kivita. Miles Davis ndiye aliyemkalisha Corea kwenye kinanda cha umeme baada ya kumchukua mwaka 1968, na mwanzoni Corea hakukipenda.

Zile kengele ndizo zinazoipa albamu wepesi wake. Chini yake Clarke anapiga besi kubwa la mbao, lile la kusimama nalo, na unasikia kidole kikiachia uzi. Umeme juu, mbao chini, pumzi ya fluti katikati.

Dhana: Flora ni pambo

Nimewasikia hata wanamuziki wakisema hivi: sauti nzuri, lakini anaimba kama mtu anayepita njia, Kiingereza chenyewe kimepinda, bora wangeacha ala zitawale. Nadhani wanamtafuta Astrud Gilberto, yule mwanamke aliyeimba kwenye albamu ya Getz na João, na wakimkosa wanahesabu kosa ni la Flora.

Flora alifika Marekani akiwa mwimbaji wa jazi, akaimba na Stan Getz na mpangaji wa muziki Gil Evans. Anayetaka kujua anachokifanya aanze na albamu iliyotangulia, ile iliyobeba jina la kundi, iliyorekodiwa New York Februari 1972 kwa lebo ya ECM. Katika wimbo wa kwanza hatamki neno hata moja. Anaimba noti zilezile za kinanda, kwa mwendo uleule, halafu anapanda hadi sauti inakuwa kilio cha ndege. Hapo yeye ni ala ya tano.

Rudi sasa London. Wimbo uliobeba jina la albamu, unaokaribia dakika 11, muziki wake ni wa Clarke na maneno ni ya Flora mwenyewe. Pambo haliandiki maneno. Ile lafudhi nayo, mimi sitaki irekebishwe: irabu zake ni pana, zinakaa wazi, na noti inapata mahali pa kulala. Mtu wa taarabu atanielewa.

Dhana: Walilainika ili wauze

Kabla ya kundi hili Corea alikuwa na Circle, pamoja na Anthony Braxton, Dave Holland na Barry Altschul, wakipiga jazi huru ambayo hata mwenye moyo mgumu anaweza kutoka nayo jasho. Mwaka 1971 akaiacha, akieleza kwamba anataka kuwasiliana na wanaomsikiliza. Hapo ndipo wakali wa jazi walipomtia alama.

Lakini mfanyabiashara gani huyu? Albamu yao ya kwanza haikuuzwa Marekani hadi 1975. Ya pili ina nyimbo sita tu; tatu kati ya hizo zinazidi dakika tisa, redio ipi ingezipiga? Kuna kipande kifupi cha Children's Song, na wengine hukiona ni wimbo wa watoto umewekwa kujaza nafasi. Corea alikuja kuandika vipande 20 vya mfululizo huo, na hicho cha humu kinasimama juu ya mzunguko mmoja mdogo usiokoma, huku sauti ya juu ikitembea kama haina habari nao. Mtoto atakifurahia. Kukipiga ni jambo lingine.

Mengine nayapitia haraka. Captain Marvel si wimbo wa Stan Getz, ingawa ni jina la albamu yake: ni wa Corea, na Getz alirekodi Machi 1972 na Corea, Clarke na Airto haohao, pamoja na Tony Williams, ila santuri yake ilicheleweshwa hadi 1974. Na 500 Miles High si wimbo wa bangi. Soma mashairi, ni ya Neville Potter. Ni mapenzi.

Dhana: Spain ni ule muziki wa Kihispania wa gitaa

Huu ndio wimbo wa mwisho, na ndio wenye dhana nyingi kuliko zote. Mmoja atakwambia Corea ndiye aliyetunga ule mwanzo wa huzuni. Mwingine atasema wimbo mzima kauchukua kwa Miles Davis. Ukweli uko kati yao. Mwanzo ni Joaquín Rodrigo, Mhispania aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, aliyetunga Concierto de Aranjuez mwaka 1939 kwa ajili ya gitaa na okestra. Sehemu yake ya katikati, ile ya polepole, ndiyo Miles na Gil Evans waliyoigeuza kuwa jazi kwenye Sketches of Spain mwaka 1960. Corea anaigusa kwa muda mfupi, kwa heshima, halafu anaiacha. Kinachofuata ni chake chote.

Tena kinachofuata si Uhispania. Ni samba. Mtu wa dansi atautambua mkato ule: taratibu, taratibu, kisha chemko. Jina la nchi moja, mapigo ya nchi nyingine, mtunzi mwenye damu ya nchi ya tatu, studio ya nchi ya nne. Mwaka 1980 mwimbaji Al Jarreau aliutia maneno, na tangu hapo wapo wanaoamini ulizaliwa na maneno hayo.

Dhana ninayoichukia kuliko zote ni kwamba Spain ni rahisi, eti kwa sababu unaweza kuupigia mluzi. Jamaa yangu mmoja hupiga kinanda kwenye bendi ya hoteli. Alikuja kwangu Jumapili moja, akausikia mara mbili, akasema, "Kaka, huu tunaupiga Ijumaa." Tukaurudia polepole, kipande kwa kipande. Vidole vilimtii mapema kuliko nilivyofikiri; kile kipande cha noti zinazokimbilia chini, kinanda na fluti pamoja, alikipata kabla chai haijapoa.

Kilichomshinda ni makofi. Kwenye rekodi bendi yenyewe inapiga makofi ndani ya wimbo, na yanaangukia nje ya pale mguu unapoyatarajia. Hayana ala, hayana noti ya kutafuta, ni viganja viwili tu. Akapiga mapema. Akapiga akichelewa. Akanyanyua sindano mwenyewe, akairudisha nyuma, akafumba macho, akahesabu kwa midomo, akapiga mapema tena. Mke wangu akapita na sinia, akapiga lile kofi mahali pake kwa kijiko bila hata kusimama.

"Shemeji," jamaa akamwambia, "Ijumaa uko wapi?"