“Par à-coups”: mwendo wa kuruka na kukwama

“Les travaux avancent par à-coups.” Sentensi hiyo fupi ya Kifaransa, yaani “Kazi inasonga kwa kuruka na kukwama”, nilikutana nayo katika ripoti ya mradi wa maji mashariki mwa Kongo, niliyopewa niitafsiri kwa ajili ya wafadhili wanaosoma Kiingereza. Rasimu yangu ya kwanza ilisema kazi inakwenda “slowly”, yaani polepole. Fundi mkuu wa mradi, aliyezijua lugha zote mbili, alinizuia palepale. Kazi si ya polepole, alisema. Mabomba yakifika, vijana wanachimba mtaro mpaka giza linaingia. Yakiisha, wanakaa wiki tatu wakisubiri mengine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msemo huu hauhusu kasi ya jambo, unahusu namna jambo linavyokwenda.

“Coup” ni pigo. Neno hilo limetoka kwenye Kigiriki “kolaphos”, yaani kofi au ngumi, likapitia Kilatini hadi Kifaransa. “À-coup”, linalotamkwa “aku”, ni mshtuko wa ghafla unaokatiza mwendo. Ukitaka kuuona kwa macho, simama kwenye bomba siku maji yanaporudi baada ya mgao. Bomba linakohoa hewa, linatema nusu kikombe cha maji yenye kutu, linanyamaza, linatetemeka, kisha linatema tena kwa nguvu mpaka ndoo inayumba. Maji yanakuja kweli, ila yanakuja “par à-coups”. Mambo mawili lazima yawe pamoja: msukumo wa ghafla, na kimya kisichotabirika kati ya msukumo mmoja na mwingine. Ndiyo maana “kusuasua”, neno ambalo Mswahili hulikimbilia kwanza, halitoshi. Kinachosuasua kimekosa nguvu tangu mwanzo. Hiki nguvu kinazo, ila hazidumu.

Kwa Kiingereza, msemo ulio karibu zaidi ni “in fits and starts”, na nao una historia yake. “Fit” ni neno la shambulio la ugonjwa, kama homa inayomshika mtu, ikamwachia, ikarudi. “Start” hapa si kuanza, ingawa wanafunzi wengi huisoma hivyo. Ni ile maana ya zamani ya kushtuka na kuruka. Kifaransa kinaona pigo, Kiingereza kinaona mwili ulioshikwa na ugonjwa, lakini mwendo ni uleule. Niliandika “The work is moving forward in fits and starts”, na fundi akakubali.

Tatizo ni kwamba jibu hilo halifai kila mahali. Mtu anayejifunza gari akiachia klachi haraka, gari linaruka, linagoma, linaruka tena. Mfaransa atasema vilevile “par à-coups”, lakini Mwingereza atasema gari “jerks” au “lurches”, na Waingereza wengine husema “kangaroos”, linarukaruka kama kangaruu. Kinachotoka kikiwa maji au damu, “in spurts” ndiyo inayokaa vizuri. Na Kifaransa kikikanusha, “sans à-coups”, kwa maana ya kwenda mteremko bila kukwama, Kiingereza kinageuza kabisa na kusema “smoothly”. Hakuna asemaye “without fits and starts”. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, uliza kwanza: kinachokwenda ni nini? Ni kazi, ni mashine, au ni kimiminika?

“Jerk” ina mtego wake pia. Mwaka 1972 Niles Eldredge na Stephen Jay Gould, wataalamu wa visukuku wa Marekani, walieleza kwamba spishi nyingi hukaa muda mrefu sana bila kubadilika, kisha mabadiliko hutokea kwa muda ambao, ukilinganisha na umri wa miamba, ni mfupi. Nadharia hiyo ikabandikwa jina la kejeli, “evolution by jerks”, kwa sababu “jerk” ni mshtuko lakini pia ni mtu mshenzi. Gould akajibu kwamba ya wenzake, wanaoamini mabadiliko ya polepole, ni “evolution by creeps”: wanaotambaa, na pia watu wa kuchukiza. “À-coup” haina maana hiyo ya pili, na mfasiri asipoangalia ataibebesha.

Usiuchanganye msemo huu na “en dents de scie”, yaani kwa mfano wa meno ya msumeno. Huo ni wa kupanda na kushuka: mwanafunzi anayepata 80, kisha 45, kisha 78. Kwa Kiingereza ni “up and down”, na kwa mchoro wa takwimu ni “sawtooth”. Kwa kawaida kinachokwenda “par à-coups” hakirudi nyuma. Husimama tu pale kilipofika. Kama ningeandika kwamba kazi ya mtaro ilikuwa “up and down”, wafadhili wangedhani mabomba yaliyokwisha kufukiwa yanafukuliwa.

Ndugu wa karibu hasa wa “par à-coups” ni “par saccades”. “Saccade” ilikuwa kuvuta hatamu za farasi kwa ghafla. Katika karne ya 19 neno hilo liliingia kwenye utafiti wa usomaji, na jina linalotajwa zaidi hapo ni la daktari wa macho Mfaransa, Émile Javal. Macho yako sasa hivi hayatelezi juu ya mstari huu. Yanaruka, yanatua kwa takribani robo ya sekunde, yanaruka tena, na wewe huhisi lolote. Kwa mruko huo wa jicho, jina la kitaalamu la Kiingereza si “fits” wala “jerks”. Wanasayansi walilichukua neno la Kifaransa kama lilivyo, “saccade”, na ndilo wanalotumia mpaka leo.