√18 + √32 si √50

Fundi mmoja anajenga jirani na kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Juzi alikuwa anakagua pembe za vyumba viwili vya mraba, kimoja mita 3 kwa 3, kingine mita 4 kwa 4. Fundi akishavuta kamba za msingi hupima mshazari, kona hadi kona, kabla hajaruhusu mtu kuchimba. Akamuuliza mwanawe wa kidato cha pili: mshazari mmoja wa kila chumba, jumla unakula kamba mita ngapi?

Kijana akatumia Pythagoras, akapata √18 na √32. Safi kabisa. Halafu akaandika √50, akanigeukia: “Si ndiyo, mwalimu?”

Siyo. Kipeuo cha pili kinapatana na kuzidisha, na kujumlisha hakipatani. √(9 × 16) ni 12, na √9 × √16 ni 12 vilevile. Lakini √(9 + 16) ni 5, wakati √9 + √16 ni 7. Mtoto anayekatiza uwanja wa mita 3 kwa 4 anatembea 5. Anayefuata ukingo anatembea 7. Asingepunguza kitu, nani angekatiza?

Kwa hiyo kwanza rahisisha. 18 ni 9 × 2, kipeuo chake ni 3√2. 32 ni 16 × 2, yaani 4√2. Wapo wanaoandika 4 × 8, wakapata 2√8 na kuweka kalamu chini. Hawajakosea, ila kazi haijaisha: ndani ya 8 bado kuna 4. Ukiwa na shaka, vunja namba hadi namba tasa: 32 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Kila jozi hutoa 2 moja nje. Iliyokosa mwenzake inabaki ndani.

Sasa 3√2 + 4√2 ni 7√2, karibu mita 9.9. Ile √50 ni 5√2 tu, kwa hiyo kamba ingepelea karibu mita 2.83.

Kijana hakuridhika, nami nampenda mwanafunzi wa hivyo. Nikamchorea mchangani mraba wa 7 kwa 7, vyumba viwili ndani yake vikigusana kona kwa kona. Mishazari yao ikanyooka ikawa mstari mmoja, mshazari wa mraba mkubwa: √98. Akaigawa 98 mwenyewe, 49 × 2, akacheka.

Baba yake alikuwa ameshakata kamba ya mita 10.