Kukodi boti ya kuvua: patana na nahodha kabla ya kung'oa nanga

Kila kaskazi inapoanza kuvuma, swali ambalo wananchi wanaotaka kwenda kuvua kwa burudani hutuletea ni la bei: boti ya siku nzima Watamu ni shilingi ngapi? Ya nusu siku Shimoni je? Ni swali la haki. Lakini sisi tunaoshughulika na usalama wa vyombo vidogo na hifadhi ya samaki tungependa liwe la mwisho. Boti mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kabisa upepo unapogeuka saa nane mchana, mkiwa maili 20 kutoka nchi kavu.

Uvuvi huu si mgeni kwetu. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na kwa miaka mingi baada ya hapo boti hizi zilihesabiwa kuwa mambo ya wageni wa hotelini. Siku hizi wanaokodi ni pamoja na familia za Mombasa na Nairobi, wafanyakazi wanaochanga pamoja, na jamaa zetu wanaorudi likizo kutoka Muscat na Dubai. Wengi wao hawajawahi kutoka nje ya mwamba, na makala hii ni yao hasa.

Kwanza amua unataka safari gani. Ya karibu huchukua saa nne au tano, boti ikirambaza kando ya mwamba kwa kuburuta chambo taratibu. Huko utapata nguru, kolekole, mzia, sehewa na pengine felusi. Kwa mtu wa mara ya kwanza, au mwenye watoto, hii inatosha na ina raha yake. Safari ya bahari kuu ni siku nzima, tangu alfajiri mpaka alasiri, na wanaotafutwa ni jodari mkubwa, na sulisuli na nduaro, wale wenye mdomo mrefu kama mkuki. Watamu ina bahati kwamba sakafu ya bahari hutumbukia kina kirefu si mbali na mwamba, kwa hiyo boti haihitaji mwendo mrefu kufika kwenye maji ya buluu. Shimoni nayo imekabiliana na mlango-bahari wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita. Kaskazini ya Malindi, maji mekundu ya Mto Sabaki hukutana na maji safi ya bahari, na manahodha hufuata mstari huo wa rangi mbili kwa sababu dagaa na samaki wadogo hukusanyika pale, na wakubwa huwafuata.

Majira ndiyo yanayoamua zaidi ya kitu chochote. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na nguvu yake hasa ni Juni na Julai. Boti nyingi za uvuvi wa burudani huvutwa juu miezi hiyo, zikakwanguliwa na kupakwa rangi. Ukikuta mtu anakuuzia safari ya bahari kuu katikati ya Juni kwa nusu bei, jiulize kwa nini wenzake wako nchi kavu. Kuanzia Agosti bahari huanza kulegea na jodari huonekana. Sulisuli huja kwa wingi Malindi na Watamu kuanzia Novemba hadi Januari, na nduaro hufuata mpaka Machi. Sababu yake iko majini. Wakati wa kaskazi mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka Tanzania, na kwenye makutano hayo chakula huwa kingi.

Hata ndani ya msimu mzuri kuna siku mbaya. Kaskazi aghalabu huwa mpole alfajiri na kushika kasi jua likipanda. Bamvua nayo ina hatari yake kwenye milango kama wa Kilifi na wa Mida: maji yakipwa kwa nguvu huku upepo ukisukuma kuingia ndani, mawimbi husimama wima palepale mlangoni. Nahodha anayejua kazi atakuambia mapema saa ya kutoka na saa ya kurudi kwa kufuata maji, hata kama wewe ungependa kulala kidogo zaidi. Mshukuru.

Hapa ndipo penye jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Nahodha ana haki ya kusema "leo hatutoki", au "tunageuza sasa hivi". Haki hiyo ipo kisheria na kidesturi, lakini mapatano mabaya huiua. Kama mmekubaliana kwamba safari ikivunjika kwa hali ya hewa mwenye boti harudishiwi hata mafuta, na mteja akishikilia pesa yake yote mkononi mpaka arudi na samaki, mnamweka nahodha kwenye mtego. Atatazama mawingu, atatazama ada ya shule, atatoka. Kwa hiyo andikeni kabla: hali ya hewa ikikataa kabla ya kutoka, malipo yote hurudi au siku inahamishwa. Ikikataa mkiwa tayari baharini, mteja analipa mafuta na saa zilizotumika, basi. Na mkiwa baharini asiwepo wa kumshawishi nahodha kwa "twende kidogo tu". Tumeona makundi ya watu wazima, wenye vyeo vyao kazini, wakimsukuma kijana wa usukani namna hiyo. Si uungwana, na ni hatari.

Maandishi hayo hayahitaji wakili. Ukurasa mmoja, hata ujumbe wa simu ambao pande zote mbili zimeukubali, unatosha kama umetaja mambo yenye kuleta ugomvi: saa zinaanza kuhesabiwa wapi, mafuta yamo ndani ya bei au la, watu wangapi wanapanda na wangapi watashika fimbo, chakula na barafu ni vya nani, mshipi au fimbo ikipotea analipa nani, na mashine ikiharibika njiani inakuwaje. Lipa malipo ya awali kwa mwenye boti au kampuni yake, upate risiti. Madalali wa ufukweni wako wakweli wengi, lakini dalali hana boti, na likitokea lolote hana cha kukurudishia.

Nenda ukaione boti siku moja kabla, mchana. Omba kuona cheti cha ukaguzi cha mwaka huu na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Kenya kazi hiyo iko chini ya KMA, mamlaka ya bahari ya nchi hiyo, Tanzania Bara ni TASAC, yaani Wakala wa Meli, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Leseni ya uvuvi wa burudani ni karatasi nyingine kabisa, nayo iulizie. Kwa upande wa Tanzania, ukitoka kwenda kuvua bahari kuu, mwenye idhini ni Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Mwenye boti aliyejipanga hachukizwi na maswali haya, huzitoa karatasi zikiwa kwenye bahasha ya plastiki.

Kisha ulizia majaketi ya kuokolea, na usiridhike na jibu la "yapo". Mwambie baharia ashushe moja, ulivae. Bonyeza povu lake kwa vidole: zuri hurudi mahali pake, bovu hubaki limebonyea au husagika kama unga. Vuta mikanda kwa nguvu. Tafuta filimbi. Kama ni lile linalojazwa hewa, fungua kifuniko na uizungushe chupa ndogo ya gesi mpaka itoke. Kichwa chake kiwe kizima, bila tundu, kwa maana tundu ni dalili kwamba imeshatumika na hakuna aliyeibadilisha. Watoto wawe na ya kwao ya saizi yao, kwa sababu jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akishaingia majini. Yote haya ni dakika tano.

Boti ya bahari kuu iwe na mashine mbili, au moja kubwa na ndogo ya akiba inayowaka kweli. Iwashe, usikie. Mafuta yapimwe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura. Uliza pampu ya kutoa maji ya ngama iko wapi na kama inafanya kazi. Mwambie nahodha aite boti mwenzake kwa redio ya VHF ili usikie jibu kwa masikio yako. Simu ya mkononi hupoteza mtandao mkitoka mbali, na chaneli ya 16 ndiyo inayosikilizwa wakati wa dharura. Boti ikiwa na kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, cha masafa ya megahezi 406, ni bora zaidi, mradi kimesajiliwa kwa jina la boti hiyo. Ishara kutoka maji yetu hufika kwenye vituo vya uokoaji kama kile cha Mombasa, na huko watahitaji kujua wanamtafuta nani. Ndiyo maana mtu mmoja nyumbani aachiwe jina la boti, idadi yenu, mnakoelekea na saa ya kurudi.

Kwenye boti, sikiliza mabaharia. Samaki akishafika karibu, ule uzi mnene au waya unaotangulia ndoana ni wa baharia peke yake. Mtu akijizungushia mkononi na samaki akakata kona, huvutwa majini naye. Sulisuli huruka hata pembeni mwa boti, na mdomo wake ni mkuki. Kama roho huchafuka upesi, kunywa dawa kabla ya kutoka, si baada ya kuanza kutapika, na ukiwa safarini kaa nyuma penye hewa huku ukitazama upeo wa macho. Pombe iache mpaka mrudi.

Juu ya samaki wenyewe, patana pia. Desturi ya boti nyingi za pwani yetu ni kwamba samaki ni wa boti, na mteja hupewa sehemu ya kitoweo. Wateja wasiojua hilo hukasirika gatini, kumbe lilikuwa neno moja tu la asubuhi. Ulizia vilevile mtavua wapi. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hakuna kuvua kabisa, hata kwa fimbo ya mtoto. Hifadhi ya Mafia ina kanda zake, na nahodha lazima azijue.

Barafu iwe ya kutosha tangu asubuhi. Jodari, sehewa, nguru na felusi wakiachwa juani, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga, wengine hutapika na kuharisha. Samaki anaweza kuonekana mzuri na bado akawa nayo. Mtoe matumbo mapema, mzike kwenye barafu, na usikubali kupewa kitoweo kilicholala sakafuni mwa boti tangu saa nne.

Sulisuli na nduaro ni bora kurudishwa baharini, na boti nyingi za Kenya hufanya hivyo. Naliunga mkono kwa moyo wote. Nduaro wa milia katika Bahari ya Hindi amevuliwa kupita kiasi, na samaki hai huvutia wateja msimu baada ya msimu, ilhali aliyetundikwa kwa picha anaishia hapo. Nchi wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, zilikubaliana mwaka 2018 kwamba sulisuli au nduaro aliye chini ya sentimita 60 asichukuliwe kabisa.

Kumwachia kuna ufundi wake. Ulizia ndoana za duara badala ya zile za kawaida, kwa sababu hushika pembe ya mdomo na si tumbo. Samaki asipandishwe botini kwa ajili ya picha: abaki majini, baharia amshike mdomo kwa glavu, boti iende pole mbele ili maji yapite kwenye mashavu yake. Mwanzo huwa amefifia, kahawia tupu. Akipata nguvu, rangi ya buluu hurudi mgongoni na mkia huanza kusukuma. Hapo baharia hufungua mkono.

Mara nyingi, kabla ya kuachiwa, huchomekwa alama ndogo yenye namba karibu na pezi la mgongoni. Shirika la African Billfish Foundation la Watamu hukusanya kumbukumbu hizo, na ndizo zinazotuonyesha samaki hawa wanasafiri kwenda wapi na wanakua kwa kasi gani. Ukiiona alama kama hiyo kwenye samaki uliyemnunua sokoni au aliyenasa katika jarife lako, awe amevuliwa Lamu, Pemba, Mtwara au Sur ya Omani, usiitupe. Andika namba yake, tarehe, mahali alipovuliwa, na urefu wa samaki kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, kisha uipeleke pamoja na maelezo hayo kwa ofisa wa uvuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya diko lako.