Elektroni Zinapochagua Upande: Ulinganifu Unaovunjika Ndani ya Oksidi za Shaba

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa katika maabara ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, walikuta umeme ukipita bila ukinzani wowote ndani ya oksidi ya lanthani, bariamu na shaba. Hii ni keramiki, jamii ya vitu ambavyo watu wengi huvijua kwa kuzuia umeme, si kuupitisha. Mwaka uliofuata ikapatikana oksidi ya itriamu, bariamu na shaba inayofanya hivyo kwenye nyuzi −180 hivi za Selsiasi. Baridi ya kiasi hicho hupatikana kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye −196 na ni rahisi mno ikilinganishwa na heliamu iliyohitajika awali.

Superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani, za zamani kama zebaki na risasi, zilikwisha kupata maelezo yake tangu 1957: mitetemo ya fuwele huzifunga elektroni jozi-jozi. Oksidi za shaba bado hazijapata nadharia inayokubalika na wote. Katika taaluma yetu hoja haziishi, na nyingi siku hizi huzunguka swali moja: je, elektroni zinauheshimu ulinganifu wa fuwele zinamoishi?

Moyo wa oksidi hizi ni tabaka jembamba la shaba na oksijeni. Atomu za shaba zimekaa kwenye pembe za miraba, na katikati ya kila shaba mbili jirani kuna oksijeni moja. Ni kama sakafu ya vigae vya mraba: igeuze nyuzi 90, utaona sakafu ileile. Kwa hiyo mtu angetarajia umeme usipendelee kwenda upande huu kuliko ule.

Elektroni hazikubali. Katika oksidi halisi, kabla haijachanganywa na kitu, kila shaba huwa na elektroni moja iliyokwama mahali pake, kwa sababu elektroni husukumana vikali na hakuna nafasi ya kupishana. Ukiondoa baadhi yake, zilizobaki hupata pa kupita. Usuperkondakta huwa na nguvu zaidi unapoondoa kama 16 kwa kila shaba 100. Ukiondoa chache kuliko hapo, mambo ya ajabu hujitokeza hata kabla ukinzani haujatoweka.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha picha za hadubini ya utoboaji. Chombo hiki hupitisha ncha kali ya metali juu kidogo ya uso wa fuwele na kupima mkondo mdogo unaoruka pengo hilo, hata ukaweza kutofautisha atomu moja na jirani yake. Ndani ya kila mraba, oksijeni iliyo kando ya shaba katika mwelekeo mmoja ilionekana tofauti kielektroniki na ile iliyo katika mwelekeo unaoukata huo kwa nyuzi 90. Yaani elektroni zilikuwa zimechagua mwelekeo. Hali hii huitwa nematiki, jina lililoazimwa kutoka kwa fuwele za kimiminika zilizomo kwenye skrini, ambazo molekuli zake hulala kuelekea upande mmoja bila kujipanga kwa safu.

Tahadhari inahitajika hapa. Ncha ya hadubini isiyo duara sawasawa inaweza yenyewe kuleta tofauti ya aina hiyo. Tena oksidi ya itriamu ina minyororo ya shaba na oksijeni inayoelekea upande mmoja, kwa hiyo fuwele yenyewe haina ulinganifu kamili wa mraba. Kwa maoni yangu, ushahidi wa chombo kimoja hautoshi. Uzito wake hutokana na kipimo cha ukinzani, cha joto na cha eksirei kuelekeza mahali pamoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mistari. Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake walirusha nyutroni kwenye oksidi ya lanthani iliyochanganywa na strontiamu na neodimiamu. Wakakuta chaji imejikusanya kwa mistari inayorudiwa kila shaba nne, na kati yake sumaku za shaba zimejipanga kwa zamu, moja juu moja chini. Mistari hiyo huwa na nguvu zaidi pale elektroni zilizoondolewa zinapokaribia moja kwa kila shaba nane, na katika oksidi ya lanthani na bariamu, hapohapo ndipo halijoto ya usuperkondakta, yaani ile ambayo chini yake ukinzani hutoweka, huporomoka.

Je, mistari ni adui wa usuperkondakta? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa vyote viwili hugombea elektroni zilezile. Lakini wapo wanaodhani jozi za elektroni huundwa ndani ya mistari yenyewe, kisha zikashindwa kushikana kutoka tabaka moja hadi jingine. Njia mojawapo ya kuamua ni kuibana fuwele kutoka upande mmoja tu, sambamba na tabaka, na hivyo kuuvunja ulinganifu kwa makusudi. Jaribio hilo limefanyika kwenye oksidi ya lanthani na bariamu: mbano mdogo tu ulidhoofisha mpangilio wa sumaku wa mistari, na halijoto ya usuperkondakta ikapanda sana.