Ukitaka kunyamaza mbele ya polisi wa Marekani, lazima kwanza uongee

Juzi kijana mmoja kanipigia saa tano usiku, "Kaka, walinikamata hawakunisomea haki zangu, si kesi imekufa hiyo?" Nikacheka, sio vizuri najua, ila natetea kesi za jinai huku Marekani na hilo swali naulizwa mpaka nimechoka.

Kesi haifi. Mwaka 1966, kwenye kesi ya Miranda v. Arizona, Mahakama ya Juu ilisema polisi wakitaka kumhoji mtu ambaye wameshamshika, wamwambie kwanza kwamba anaweza kunyamaza na anaweza kuwa na wakili. Kumhoji, na wameshamshika, vyote viwili. Wakikubeba wasikuulize kitu hawadaiwi kukusomea chochote, na wakikuhoji bila kukusomea kinachotupwa ni yale maelezo yako. Miranda mwenyewe, yule mshtakiwa wa hiyo kesi, walimpeleka kortini upya bila yale maelezo na 1967 akapatikana na hatia tena.

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe, kunyamaza. Kuna kesi ya mauaji ya Michigan, Berghuis v. Thompkins ya 2010. Jamaa kasomewa haki, kakataa kusaini fomu, kakaa kwenye kiti kigumu karibu masaa matatu anajibu neno moja moja au hajibu kabisa, mpelelezi akabadilisha gia akamuuliza unamwamini Mungu? Ndiyo, machozi yakamlenga. Unasali? Ndiyo. Unamwomba Mungu akusamehe kwa kumpiga risasi yule kijana? Ndiyo. Basi hiyo "ndiyo" ya mwisho ikaingia kwenye ushahidi, na majaji wa Mahakama ya Juu watano kwa wanne wakasema kukaa kimya tu sio kudai haki ya kukaa kimya, ilibidi aseme. Jaji Sotomayor alipinga, akasema hii ni kugeuza Miranda miguu juu, na mi niko upande wake mpaka kesho.

Kwetu binti akiulizwa kuhusu posa akanyamaza wazee wanahesabu kakubali, naona na hawa majaji wana wazee wao.

Alafu 2013 ikaja Salinas v. Texas. Huyu hata hakukamatwa, alikubali kwa hiari yake kwenda kituoni na polisi, anajibu vizuri tu mpaka alipoulizwa kama maganda ya risasi yaliyookotwa eneo la tukio yatalingana na bunduki yake, hapo akainama akauma mdomo. Mwendesha mashtaka akaupeleka ukimya ule ule mbele ya juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba mtu asiye na hatia angejibu. Mahakama ikaruhusu, maana hakutamka kwamba anatumia haki yake ya Marekebisho ya Tano ya Katiba, ile ya kutolazimishwa kujishuhudia mwenyewe.

Na ukitamka, tamka kavu. Hapa ndo watu wetu wanaponzwa na adabu, maana sisi tumezoea "samahani afande, labda kama inawezekana ningeongea na wakili". Baharia mmoja alisema hivyo hivyo, labda niongee na wakili, na mwaka 1994 mahakama kwenye Davis v. United States ikasema hiyo "labda" sio ombi, polisi waendelee tu. Kwahiyo yule kijana wa saa tano nilimwambia arudie kwenye simu mara tatu: sijibu maswali, nataka wakili. Mara ya kwanza akaanza na "samahani".